Kilo za Mujinga

Beya alipuliza mbabula mpaka macho yakamtoka machozi. Makaa ya safari hii yalikuwa mabichi, na mfuko wenyewe ulikuwa umepungua kimo bila bei kupungua. Ndani ya nyumba mke wake, Mujinga, alikuwa akijifunga kitenge, akipumzika kila baada ya fundo moja. Ilikuwa Jumatano, siku ya dawa, ya tatu kati ya sita, na walitakiwa wawe hospitali ya Kolwezi kabla ya saa mbili. Kutoka Kapata ni mbali kwa mtu asiyeweza kutembea hatua hamsini bila kushika ukuta.

Maji yalipochemka Beya alimpelekea chai, pamoja na bukari na sombe iliyobaki jana. Mujinga aliitazama sahani, akaisukuma pembeni.

“Mi sikuli leo,” alisema. “Nikikula, balansi itanisemea.”

Beya alimkumbusha kwamba dokta alikataza mambo hayo ya kuogopa mizani. Haendi mtu kwenye dawa kali na tumbo tupu. Mujinga alimega matonge mawili, akayameza haraka kama vidonge, akanawa. Tangu alipopasuliwa alikuwa akila hivyo. Mara mbili Beya alikuta chakula chake kimemwagiwa kuku wa jirani, na mara zote mbili alinyamaza, kwa sababu hakujua angemkemea kwa mdomo upi. Ni yeye aliyemnenepesha.

Hakuwa akilisema hilo kwa mtu, lakini alilijua. Katika miaka ile kampuni ya migodi ilipoacha kulipa mishahara, nyumba hizi zote za Kapata zilikula mara moja kwa siku, na siku nyingine hazikula. Mtoto wao wa pili, Mushiya, alishikwa na surua akiwa hana hata nyama ya kupigana nayo. Wakamzika kabla ya juma kuisha. Mujinga alikonda mpaka pete ya ndoa ikamtoka kidoleni yenyewe akifua. Halafu, miaka kumi na moja iliyopita, Beya alipata kazi ya kupima mawe kwenye depo moja inayonunua shaba na kobalti kwa wachimbaji wadogo. Kitu cha kwanza alichobeba nyumbani kilikuwa dumu la mafuta, lita ishirini. Baadaye ikaja nyama, ikaja sukari kwa mfuko, yakaja makasha ya soda. Mujinga alijaa mashavu, akajaa mikono, akashonesha nguo mpya kila mwaka kwa sababu za zamani zilikataa kufunga. Kanisani wanaume walimtazama mke kwanza, ndipo wakamsalimia mume, na walimsalimia kwa adabu mpya. Beya alipenda sana salamu zile. Mujinga alipolalamika magoti, alimcheka. Alimwambia mtu aliyezika mtoto kwa njaa haogopi kunenepa.

Ndipo damu ikarudi, miaka mitatu baada ya Mujinga kuacha kuiona. Alimweleza mumewe kwa aibu, uso ukutani. Beya alimwambia hiyo ni damu ya mtu aliyeshiba, imezidi, inatafuta njia. Maneno hayo aliyatoa papo hapo, bila kufikiri, kisha akalala. Mujinga alipokwenda mwenyewe zahanati, muuguzi wa pale hakumpandisha hata kitandani. Alisema kitanda kitavunjika, akamwambia apunguze kilo ishirini kwanza, ndipo arudi apimwe. Alijaribu mwaka mzima. Alirudi akiwa amepunguza chache, akarudishwa tena. Mpaka daktari wa Lubumbashi anakuja kumtazama, kansa ilikuwa imeshajaa kwenye mji wa mimba na kuanza kutoka nje yake. Kutoka damu ya kwanza hadi kisu ilipita miezi kumi na tisa. Beya aliihesabu mara nyingi, na kila alipoihesabu ilikuwa kumi na tisa.

Walifika hospitali saa mbili na robo. Muuguzi wa siku hiyo alikuwa Annie, mama mwenye haraka na moyo mzuri, aliyewapokea pia mara mbili zilizopita. Alimsaidia Mujinga kupanda mizani ndogo ya sakafuni. Sindano ya mizani ilizunguka kwa kasi, ikagonga ukingo kwenye mia moja na ishirini, ikatulia hapo. Annie akashika kalamu aandike.

“Ngojea,” alisema mtu nyuma yake.

Alikuwa daktari mgeni, binti wa Lubumbashi aliyeitwa Tatiana, aliyehamia Kolwezi wiki tatu tu zilizopita. Aliinama, akaitazama sindano, kisha akachukua faili na kurudi kurasa mbili. Mara ya kwanza, mia moja na ishirini. Mara ya pili, mia moja na ishirini.

“Annie, hii ni kilo ya mama ao ni mwisho ya balansi?”

Annie alishusha kalamu. Alisema mizani ni hiyo moja, kwamba tangu mwaka juzi wanaandika barua ya kuomba nyingine, na kwamba mwenye stoo anajibu kila mara kuwa iliyopo haijaharibika. “Sindano ilifika mwisho, dokta. Njo nikaandika mwisho.”

Tatiana aliwaketisha Mujinga na Beya kwenye benchi, akavuta kiti akaketi mbele yao. Aliwaeleza taratibu, kwa Kiswahili chao, akiingiza Kifaransa pale tu alipokwama. Dawa hii, alisema, hupimwa kwa uzito na urefu wa mgonjwa. Mwenye mwili mkubwa anahitaji dawa kubwa. Kumpa pungufu ni kuugusa ugonjwa bila kuuangusha, na ugonjwa ulioguswa tu unaweza kusimama tena. Kwa macho yake Mujinga alikuwa amepita mia moja na arobaini. Kama ni kweli, dawa za mara mbili zile zilipungua kwa sehemu moja ya kumi hivi, labda zaidi.

Mujinga alikuwa akitazama miguu yake, iliyovimba juu ya viatu.

“Njo mi nilijiletea hii ugonjwa,” alisema. “Na hii mafuta yangu. Bamama ba ku kanisa banasema, nilikula mpaka nikakula kansa.”

Beya aliona kwamba Tatiana hakutaka kumdanganya. Alisema ndiyo, mafuta ya mwili hayakai bure. Mwanamke akishaacha kuona siku zake, mafuta hayo yanaendelea kutengeneza homoni, na homoni hiyo inauchochea mji wa mimba uote kila siku bila kupumzika. Hatari inaongezeka, wala si kidogo. Lakini wapo wembamba wanaougua, na wapo wanene wanaozeeka salama. “Hatari si zambi, mama. Na hata ingekuwa zambi, damu uliiona mapema, ukasema mapema. Benye ulibaambia, njo bangepashwa kusikia.”

Hakumtazama Beya aliposema hayo ya walioambiwa wakakosa kusikia; hakuwa na sababu. Beya alihisi joto likimpanda shingoni hata hivyo.

Tatiana alisema mfamasia anachanganya dawa mara moja tu kwa siku, saa saba. Kabla ya hapo anahitaji kilo za kweli, zilizopimwa, si za kukisia, kwa sababu dawa hii ikizidi nayo inaua. Aliuliza kama mjini kuna mahali penye mizani kubwa.

“Iko,” alisema Beya. “Ku kazi yangu.”

Waendesha pikipiki watatu langoni walimtazama Mujinga, wakawasha injini, wakaondoka. Wa nne alikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea magunia; huyo alikubali. Mujinga aliketi kwenye bodi, juu ya gunia tupu, mgongo ukitazama njia, na Beya alisimama nyuma yake akimshika mabega. Malori ya madini yaliwapita yakiwamwagia vumbi jekundu. Njia nzima Beya hakuwaza vumbi. Aliwaza mizani.

Ilikuwa inadanganya. Kila mpimaji wa njia ile alijua, na kila mchimbaji alihisi, lakini hakuna aliyewahi kuonyeshwa. Chini ya kioo cha namba palikuwa na kifuniko kidogo chenye kufuli, na ndani yake vitufe. Kwa vitufe vile mizani hufundishwa kusoma pungufu: kumi katika kila mia, siku nyingine kumi na tano, kadiri patron, mwenye depo, alivyoamka. Mkaguzi wa serikali alikuja kila miezi mitatu na daima alipiga simu siku moja kabla. Siku hiyo mizani husema kweli kuanzia asubuhi hadi mkaguzi atakapokunywa soda yake na kuondoka. Ufunguo alikuwa nao Beya. Patron pia alikuwa na wake, na jana jioni alikuwa ameigusa mwenyewe, bila kusema amepunguza ngapi.

Depo ilikuwa imejaa. Wachimbaji kama thelathini walikuwa kwenye mstari na magunia yao, vijana kutoka kila upande, wa Kasai, wa Dilolo, wa Kisenge, miguu peku, nywele nyekundu kwa udongo. Patron hakuwepo, alikuwa mjini hadi adhuhuri. Msaidizi aliyempimia Beya zamu yake, Ruffin, alishangaa kumwona, akamshangaa zaidi mama aliyekuwa akiteremshwa kwenye bodi. Beya alimweleza kwa maneno machache. Ruffin aliinua mabega.

Juu ya mizani palikuwa na gunia la kijana aliyeitwa Gael. Lilikuwa limesoma sitini na mbili na tiketi yake ilikuwa imeshaandikwa. Gael alilishusha bila kuombwa, akafuta udongo wa bamba kwa shati lake, akampa Mujinga mkono ili apande. Wengine walirudi nyuma, wakamwachia nafasi. Hakuna aliyecheka.

Namba zilirukaruka, zikasimama. Mia moja thelathini na moja.

Mujinga alisoma mwenyewe. Alisoma tena. Kisha akatabasamu, na Beya hakukumbuka lini alimwona akitabasamu mara ya mwisho. Alisema kumbe ni kilo hizo tu, kumbe yule dokta mtoto alikisia vibaya, kumbe kujinyima kwake kulikuwa kumefanya kitu. Mchimbaji mmoja mzee alimwambia kwamba yeye amebeba zaidi ya hizo mgongoni kutoka shimoni, basi mama asijionee haya. Watu wakacheka naye, kwa upole.

Ruffin aliandika 131 kwenye tiketi, akampa Beya.

Beya aliishika. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Kama angejua patron ameondoa ngapi, angepiga hesabu kimya kimya, akaandika namba nyingine njiani, na hakuna ambaye angejua kitu. Hakujua. Kati ya kumi na kumi na tano palikuwa na kilo karibu tisa, na dokta alisema dawa ikizidi inaua. Alimfikiria Annie na kalamu yake. Alikuwa amemkasirikia njia nzima, mwanamke anayeona sindano imegonga ukingo halafu anaandika. Sasa alijiona mwenyewe, miaka kumi na moja, akiandika. Alichonyimwa Mujinga kwenye dawa ni sehemu moja ya kumi, labda zaidi. Ilikuwa namba anayoifahamu vizuri.

Alitoa ufunguo mfukoni.

“Tata Beya,” alisema Ruffin kwa sauti ya chini. “Bantu beko hapa.”

“Najua.”

Alifungua kifuniko mbele ya macho ya wote. Alimwomba Mujinga ashuke kidogo. Akaleta kutoka ofisini vile vyuma vya kilo ishirini ishirini vinavyotolewa siku ya mkaguzi tu, akavipanga vitano juu ya bamba. Kioo kilisoma themanini na nane. Kila mtu pale alijua kuhesabu hadi mia. Beya alibonyeza vitufe mpaka kioo kikasoma mia. Alitoa vyuma. Akampandisha mkewe tena.

Mia moja arobaini na tisa.

Tabasamu la Mujinga lilififia polepole. Hakuitazama namba kwa muda mrefu. Alimtazama mumewe, kisha vile vyuma vitano chini, kisha vijana waliosimama mstarini, na Beya akaona kwamba ameelewa yote kwa pamoja. Alimpa mkono ashuke. Mujinga alishuka kwa kushika bega la Gael.

Gael alirudisha gunia lake juu ya bamba. Sabini. Alitoa tiketi yake mfukoni, ile ya sitini na mbili, akailinganisha na kioo. Hakupaza sauti.

“Tata, tangu lini?” aliuliza.

Beya alivuta kitabu cha tiketi. Yule mchimbaji mzee alikuwa ameketi juu ya gunia lake kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Nyuma, sauti zilianza kupanda. Mtu alipiga bati kwa teke. Ruffin alikuwa ameshashika simu, na mlinzi alikuwa akija kutoka langoni na fimbo. Beya aliandika 149 kwenye tiketi mpya, akaweka mhuri wa depo, akampandisha mkewe kwenye bodi ya magurudumu matatu. Walipotoka getini vijana walikuwa wakirudisha magunia yao juu ya mizani, mmoja baada ya mwingine, si kuuza, kusoma tu.

Walirudi hospitali saa sita na nusu. Tatiana alichukua tiketi, akaona mhuri, hakuuliza kitu. Alifuta, akaandika upya, akapeleka karatasi kwa mfamasia mwenyewe kwa miguu yake. Aliporudi, Mujinga alimuuliza kama zile dawa mbili za kwanza zilikuwa za bure. Daktari alisema hawezi kujua. Alisema watapima baada ya mara ya sita, na mpaka hapo hakuna anayejua. Alimwomba msamaha kwa niaba ya hospitali, ingawa yeye hakuwepo.

Chupa ya kwanza ilitundikwa saa nane. Annie alitafuta mshipa kwa uvumilivu, akipapasa kwenye mkono mnene, akaupata mara ya pili. Alipoondoka, walibaki wawili. Dawa ilidondoka tone kwa tone. Beya aliketi kwenye kigoda, kofia mikononi, akingoja.

“Ile mafuta ya kwanza,” alisema Mujinga. “Ile dumu.”

“Ndiyo.”

“Ilitoka pale?”

“Ilitoka pale.”

“Na nyama. Na manguo yangu ya kushonesha.”

Beya aliitikia kwa kichwa. Alitaka kumwambia habari za Mushiya, kwamba alipoona dumu lile hakuona kitu kingine ila mtoto asiye na nyama, kwamba aliapa. Lakini vijana wale pia walikuwa watoto wa watu, na baadhi yao walikuwa na mbavu za kuhesabika.

“Basi hizi kilo hazikuwa zangu,” alisema Mujinga. “Ni za bale batoto. Mi nilikuwa nababebea tu.”

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali kwa Beya.

Simu ililia saa tisa kasoro robo. Ilikuwa patron. Beya alitaka kutoka nje, lakini mkewe alikuwa amefumba macho, basi akasikiliza pale pale. Patron hakupiga kelele. Alisema vijana wametulizwa. Wamelipwa kwa kilo za leo, na waliokataa wamefukuzwa, na watarudi, kwa sababu wakienda depo nyingine watakuta mizani ileile. Alisema anajua Beya ana mgonjwa. Mtu mwenye mgonjwa hufanya mambo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi aje airudishe mizani kama ilivyokuwa, na ya leo yatasahauliwa. Kama hapana, Ruffin anaweza kujifunza vitufe.

Beya alitazama chupa. Alitazama bomba, na mkono, na ule uso uliokuwa umeanza kupauka kwa dawa. Zahanati haitoi dawa hii. Serikali haitoi; chupa zile zililipwa na mshahara wa depo. Kampuni iliyomleta baba yake kutoka Kasai ilikuwa imebaki jina juu ya ukuta.

“Ndiyo, patron,” alisema. “Nitafika.”

Aliizima simu akaishika kwa mikono miwili. Mujinga alikuwa amefumbua macho. Alikuwa amesikia.

“Imebakia mara ngapi?” aliuliza.

“Tatu.”

Aligeuza uso ukutani. Beya alisubiri amwambie asiende. Alijiandaa kwa neno hilo, karibu alitamani lije, maana akiambiwa asiende hataenda, na hatia itakuwa imepata pa kukaa. Mujinga hakulisema. Nje wagonjwa wengine waliitwa majina mmoja mmoja. Chupa ya kwanza iliisha.

Annie aliingia na ya pili, akaomba radhi kwamba lazima aliangalie tena lile tundu la sindano. Kabla hajamaliza kusema, Mujinga, uso ukiwa bado ukutani, alikuwa ameshaunyoosha mkono.